Jinsi ya Kula Steki na Sushi Mgahawani Ukafaidi Kweli

Nikiulizwa twende tukale wapi, majibu yangu ni mawili tu: panapochomwa steki nzuri au panapotengenezwa sushi nzuri. Watu huviona vyakula hivi havihusiani, kimoja cha moto mkali na kingine cha samaki mbichi. Kwangu mimi ni ndugu. Steki ni nyama, chumvi na moto. Sushi ni wali wenye siki na kipande cha samaki. Hakuna mchuzi mzito wa kufichia kasoro, wala viungo vya kuzima harufu ya kitu kilicholala. Na vyote viwili vina dakika zake: steki iliyopoa na sushi iliyokaukia sahanini vimeshapoteza kile ulichokifuata. Ndiyo maana mlaji naye ana kazi. Anayenyoosha kidole kwenye menyu na kungoja hula kwa bahati. Anayeuliza mapema, akachagua kwa kujua, kisha akala chakula kikiwa katika dakika yake, hula vizuri karibu kila mara.

Kabla hujaketi

Napenda menyu fupi. Mgahawa wa steki wenye vipande vichache vilivyoelezwa vizuri unanipa imani kuliko wenye kurasa nyingi za kila kitu, kwa sababu nyama nzuri haivumilii kukaa ikingoja mteja atakayeikumbuka. Kwa sushi naangalia watu. Penye wateja wengi samaki hawalali, wanaisha siku hiyo hiyo. Kaunta ya sushi iliyo tupu saa ambayo kila mahali pamejaa hainivuti, hata bei iwe nafuu namna gani.

Piga simu kuweka nafasi, na kwenye simu hiyo hiyo sema nani kati yenu hali nini. Jambo hili watu huliacha mpaka mhudumu asimame mezani, na hapo jiko limeshachelewa. Mama mkwe wangu hatumii kileo hata tone, na kwenye sushi kileo hujificha pasipotarajiwa. Kuna mirin, kileo kitamu cha mchele kinachotumika kupikia: huingia kwenye mchuzi mweusi unaopakwa mkunga, kwenye yai tamu la kukaanga, na majiko mengine huongeza kidogo kwenye siki ya wali. Nikiwaambia asubuhi, mpishi humwekea wali wenye siki, sukari na chumvi tu, na anakula kwa amani. Simu hiyo hiyo ndiyo ya kuuliza kama nyama ya steki ni halali, kwa wanaohitaji kujua.

Asiyekula ngano naye awe macho, maana mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Aulize tamari, mchuzi wa soya ambao kwa kawaida hauna ngano au una kidogo tu, na aulize kama tamari yao haina ngano kabisa. Vile vijiti vyeupe vyenye mgongo mwekundu vinavyoitwa kaa ni samaki waliosagwa wakaundwa upya, na mara nyingi ndani yake mna ngano, ute wa yai na dondoo la kaa halisi. Mwenye mzio asidanganyike kwamba “si kaa, kwa hiyo salama.”

Mkiwa wawili au watatu, omba viti vya kaunta kwa upande wa sushi. Kwa steki meza inatosha.

Kama mgahawa unauza vyote viwili

Kuna migahawa mingi ya namna hii sasa, na mingi ina deni kwa mtindo wa teppanyaki, yaani kuchoma nyama juu ya bamba la chuma mbele ya mteja. Mgahawa wa Misono mjini Kobe, Japani, ulianza kufanya hivyo mwaka 1945, na mwaka 1964 Mjapani Rocky Aoki akaupeleka mtindo huo New York kwa kufungua mgahawa wa Benihana. Leo utakuta bamba upande mmoja na kaunta ya sushi upande wa pili, nawe unataka vyote.

Anza na sushi. Mafuta ya nyama na ule ukoko wa kuchomeka hukaa ulimini, na samaki mweupe akija baada ya hapo hutamsikia kabisa. Halafu mwambie mhudumu kwa maneno yaliyo wazi: “Dada, naomba steki isiwekwe motoni mpaka tumalize sushi.” Usiposema, jiko litaleta vyote kwa pamoja, na kimoja kitaharibika huku unakula kingine. Kiasi nacho kipange. Sisi huagiza vipande sita au saba vya sushi kwa kila mtu, na steki moja nene ya kugawana.

Kuchagua kipande cha steki

Ukielewa kwamba msuli uliofanya kazi kidogo huwa laini, na uliofanya kazi nyingi huwa na ladha nzito, umeshaelewa nusu ya menyu.

Fileti, yaani sarara, hukaa ndani chini ya uti wa mgongo na haifanyi kazi yoyote ya maana. Ni laini kupita zote, ila mafuta yake ni machache na ladha yake ni ya upole. Ribai hutoka sehemu ya mbavu na ina mafuta yaliyopenya katikati ya nyama. Yakiyeyuka ndipo unapata ule utamu unaojaza mdomo. Mimi ni mtu wa ribai, sifichi. Sirloini iko katikati ya hizo mbili: inatafunika, ina ladha, na ina ukanda wa mafuta pembeni. Tiboni na potahausi ni mfupa mmoja wenye sirloini upande huu na fileti upande ule. Kwa viwango vya Marekani tofauti yake ni upana wa fileti: potahausi lazima iwe na angalau milimita 32, tiboni inatosha na milimita 13. Kwa hiyo ukilipia potahausi, tazama upande wa fileti. Ukiwa mwembamba, umepewa tiboni.

Kuna pia vipande vya tumboni vyenye nyuzi ndefu zinazoonekana kwa macho. Ni vya bei nafuu na ladha yake ni kali, ya nyama hasa. Vinataka mambo mawili: visiivishwe sana, na vikatwe kwa kukingama na nyuzi. Ukikata kwa kufuata nyuzi utatafuna mpaka taya ziume.

Unene una maana kuliko watu wanavyodhani. Ule ukoko wa kahawia unaonukia vile hutokea pale protini na sukari za juu ya nyama zinapokutana na joto la nyuzi 140 na zaidi. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza kanuni hiyo mwaka 1912. Kipande chembamba huiva mpaka ndani kabla ukoko haujajitengeneza. Kwa hiyo mkiwa wawili, kipande kimoja kinene cha kugawana kinashinda viwili vyembamba, na hili nalisema kila nikikaa na watu mezani.

Ukikuta neno “iliyozeeshwa”, uliza ni kwa njia kavu au ndani ya mfuko, na ni kwa siku ngapi. Kwa njia kavu nyama huachwa wazi kwenye chumba baridi kwa wiki tatu, nne au zaidi. Maji hupungua, vimeng'enya hulainisha nyuzi, na ladha inakaribia ya karanga na jibini. Ndani ya mfuko usio na hewa nyama hulainika, lakini ladha hiyo haiji. Bei ya kwanza ina sababu, ya pili haina sababu kubwa hivyo.

Wagyu, yaani nyama ya ng'ombe wa Kijapani, nayo inahitaji maswali. Japani hupanga nyama kwa herufi A hadi C na namba 1 hadi 5. Herufi inaonyesha kiasi cha nyama kinachopatikana kutoka kwa mnyama, namba ndiyo ubora. A5 ni ya juu kabisa. Kobe ni jina la nyama ya ng'ombe wa ukoo wa Tajima kutoka mkoa wa Hyogo peke yake, na kila ng'ombe wa Japani ana namba ya utambulisho yenye tarakimu 10. Mgahawa unaouza Kobe halisi hauoni vibaya kukuonyesha karatasi yake. Ukikuta “baga ya Kobe” kwa bei ya baga, hiyo ni nyama nyingine. Na ukiagiza A5, agiza kidogo. Gramu 80 au 100 zinatosha mtu mzima, mafuta yake hukinaisha upesi.

Kusema unavyotaka iive

Hapa ndipo steki nyingi huharibikia, kwa sababu “midiamu” ya mgahawa huu ni “midiamu rea” ya mgahawa ule. Joto la katikati ya nyama ndilo lugha ya jiko: rea, yaani iliyoiva kidogo tu, ni kama nyuzi 50 hadi 52, midiamu rea 54 hadi 57, midiamu 60 hadi 63, na weldani, iliyoiva kabisa, kuanzia 70 kwenda juu. Huna haja ya kuzitaja mezani. Taja jina kisha eleza kwa macho: “Midiamu rea, katikati iwe nyekundu lakini ya moto,” au “Weldani, nisione rangi ya waridi, ila isikauke.” Mhudumu mzuri ataandika maneno yako kama ulivyoyasema.

Majimaji mekundu yanayotoka sahanini yanawatisha wengi. Si damu. Damu ilishatoka wakati wa kuchinja, na hayo ni maji ya msuli yaliyobeba mayoglobini, protini inayotunza oksijeni na kuipa nyama rangi yake.

Mke wangu hula weldani, na sipendi wahudumu wanaokunja uso akisema hivyo. Anayetaka weldani achague kipande chenye mafuta, ribai kwa mfano, kwa sababu mafuta huilinda nyama isiwe kavu. Fileti ikiivishwa hivyo inabaki bila mafuta na bila maji. Aombe pia ipasuliwe katikati na kufunguliwa, ili iive haraka pasipo kuungua nje. Na asubiri, maana itachukua muda mrefu kuliko ya mwenzake. Mwambie mhudumu zitoke kwa pamoja.

Kuhusu usalama: katika kipande kizima, vijidudu hukaa juu, na moto unavifikia. Ndani hakuna shida kubwa. Mambo hubadilika nyama ikisagwa au ikitobolewa kwa sindano ili ilainike, kwa sababu kilichokuwa nje kimeingizwa ndani. Ndiyo maana Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyuzi 63 na dakika 3 za kupumzika kwa kipande kizima, lakini nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga. Uliza tu, “Hii imetobolewa kulainishwa?” Jibu likiwa ndiyo, usiagize rea. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wale iliyoiva vizuri.

Steki ikifika, ikate katikati papo hapo, mhudumu akiwa bado karibu. Haijaiva? Inarudi motoni, ni jambo la dakika mbili. Imepitiliza? Haiwezi kurudi nyuma, kwa hiyo omba nyingine kwa upole na mapema, siyo baada ya kula nusu. Ikiletwa kwenye sahani ya chuma inayochemka, ihamishie sahani ya kawaida au iegemeze juu ya mboga, kwa kuwa chuma kile kinaendelea kuipika. Mimi nikijua sahani ni ya namna hiyo huagiza hatua moja chini ya ninayoitaka. Onja tonge la kwanza bila mchuzi wala chumvi ya ziada. Na kata unapokula, tonge kwa tonge, maana steki iliyokatwakatwa yote kwa mara moja hupoa kabla hujafika katikati.

Kwenye kaunta ya sushi

Kaunta ndiyo mahali pa kulia sushi. Mpishi anakuwekea kipande mbele yako, na kipande hicho kimetengenezwa kiliwe sasa hivi: wali una joto la mwili, samaki ni baridi kidogo, na tofauti hiyo hudumu kwa muda mfupi mno. Binti yetu anapenda kupiga picha. Tumekubaliana apige moja, upesi, kisha ale.

Anza na nigiri, ule mviringo wa wali wenye samaki juu, kabla ya kufikia maki zilizoviringishwa kwa mwani. Nigiri haina mahali pa kujificha. Wali wake ukiwa baridi wa friji, mgumu, au umeshindiliwa mpaka hauachani mdomoni, utajua mgahawa huo ukoje kabla hujatumia fedha nyingi. Wapishi wa sushi huhesabu wali kuwa nusu ya kazi na zaidi, nami nakubaliana nao kabisa.

Mpangilio wa kuagiza ni kutoka wepesi kwenda uzito. Samaki wa nyama nyeupe kwanza, na ngisi au kombe. Kisha jodari mwekundu na samoni. Kisha makareli waliotiwa chumvi na siki, tumbo la jodari lenye mafuta, na mayai ya samoni. Mkunga mwenye mchuzi mtamu na yai huja mwishoni, na maki ya kufungia. Jodari ana sehemu tatu za kujua: akami ni nyekundu isiyo na mafuta, chutoro ina mafuta ya wastani, na otoro ndiyo tumbo lenyewe, linaloyeyuka. Ukitaka moja tu, chukua chutoro. Ina mafuta ya kutosha na bado unasikia samaki.

Kula kwa mkono ukitaka. Nigiri ilianza huko Edo, Tokyo ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19 kama chakula cha kibandani, na watu waliishika kwa vidole. Ilaze ubavu, chovya upande wa samaki kwenye soya kidogo tu, na ingiza yote mdomoni kwa mara moja. Wali ukichovywa hunyonya soya, hubomoka, na chumvi hushinda kila kitu. Kipande ambacho mpishi ameshakipaka mchuzi usikichovye tena. Tangawizi ni ya kula katikati ya kipande na kipande, kusafisha ulimi, haiwekwi juu ya samaki. Ukitumia vijiti, usivisimamishe wima kwenye wali wala usipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Kwa Wajapani hayo ni mambo ya mazishi.

Wasabi ya kijani iliyo kwenye sahani nyingi ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi. Halisi hukwanguliwa mbele yako kutoka kwenye shina lake, ukali wake ni laini na hutoweka ndani ya robo saa hivi. Ukiipata, iweke juu ya samaki, usiikoroge kwenye soya.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza vibaya: “Samaki wenu ni wa leo?” Samaki wa leo si lazima awe bora wala salama. Aina nyingi hukaa siku kadhaa mikononi mwa mpishi ili ladha ikomae, na kugandishwa ndiko kunakoua minyoo. Mamlaka ya chakula ya Marekani hutaka samaki wa kuliwa mbichi wagandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au kwa nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, huku jodari na baadhi ya samaki wa kufugwa wakiachwa nje ya sharti hilo. Swali zuri ni hili: “Leo ungekula kipi wewe mwenyewe, na mmekitayarishaje?” Mpishi anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa hivyo. Na samoni mbichi unayemwona kila mahali hakuwa kwenye sushi ya jadi. Wanorwe ndio waliompeleka Japani kwa kampeni ya miaka ya 1980, wakiwa na samaki wa kufugwa ambao hatari yao ya minyoo ni ndogo.

Macho yako nayo yafanye kazi. Samaki mzuri ananukia bahari kidogo au hanukii kitu, nyama yake ni kavu juu na inang'aa. Jodari mwekundu wa kung'aa kama tikitimaji huenda amewekwa hewa ya kaboni monoksidi kumtunza rangi, na rangi hiyo hubaki hata samaki akichakaa. Kwenye menyu ukiona “jodari mweupe”, uliza ni samaki gani hasa. Mara nyingine ni eskola, mwenye mafuta ya nta ambayo tumbo haliyameng'enyi, na kuharisha kwake ni kwa ghafla. Japani na Italia zimepiga marufuku kumuuza.

Asiyekula kibichi asibaki nyumbani. Kuna kamba waliochemshwa, mkunga wa kuchoma, yai, pweza aliyepikwa, maki ya tango. Mama mkwe hula hivyo na hushiba. Wajawazito wafuate njia hiyo hiyo, na waepuke samaki wenye zebaki nyingi kama jodari wa macho makubwa na papa.

Kwenye mikanda inayozunguka na kupitisha sahani za sushi mbele ya wateja, ambayo Yoshiaki Shiraishi aliianzisha karibu na Osaka mwaka 1958, usiokote sahani uliyoiona ikipita mara mbili. Kingo za samaki zikijikunja au wali ukiwa umekauka, iache ipite. Agiza moja kwa moja kwa mpishi, bei ni ile ile.

Na ukiwa tayari kumwachia mpishi achague, yaani omakase, fika kwa wakati kabisa, kwa sababu wali umepikwa kuendana na saa ya kuketi. Usijipulizie manukato. Taja bajeti na usichokula kabla ya kipande cha kwanza. Baada ya hapo kula kinachokuja, na ukishiba sema mapema ili asikate samaki bure.

Kinachobaki

Steki iliyobaki ifungiwe, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho ikatwe nyembamba ikiwa baridi na kuliwa hivyo hivyo na mboga za majani. Ukiipasha moto upya unaiivisha mara ya pili. Sushi ya samaki mbichi usifungiwe. Ikibaki, iache mezani, na safari ijayo agiza vipande viwili viwili badala ya sinia zima.